Vijiti Ishirini vya Ua la Bujumbura

Mpanda mjini,
Jumamosi, 21 Oktoba 2023

Kwa shemeji yangu Skolastika, malkia wa nyuki wa Ugalla,

Kabla hujasoma mstari wa pili, kimwagie maji kiroba alichokushushia dereva Cyriaque. Mimi nitasubiri hapa hapa kwenye karatasi.

Umemwagia? Haya. Imebidi niandike, maana simu yako iliyozama kwenye ndoo ya asali sijasikia kama imefufuka. Na hata ikifufuka, huko kwenu mpaka mtu apande kichuguu ndipo mtandao umkumbuke.

Humo kwenye kiroba kuna vijiti ishirini vya Ua la Bujumbura. Jina nimelitunga mwenyewe, usilitafute kwenye vitabu. Nililiona kwenye bustani ya hoteli moja kule, enzi zile nikiwa utingo wa malori. Unajua mimi nimelala nchi nne, shemeji, na katika mbili nililala rumande. Nikakata tawi moja, nikalificha ndani ya buti la mvua, nikavuka nalo mpaka huku namwuliza askari habari za watoto. Leo nyuma ya nyumba yangu kuna miche mia mbili kwenye viriba, na mdogo wako Matilda hana pa kuanika nguo. Maua yake ni ya pinki, yanatoka kwa mafungu. Majani membamba, marefu, kama ncha ya mkuki. Kiangazi kinapita, lenyewe linakitazama tu. Guest house, shule ya chekechea, mpaka nyumba za wakubwa, wote wananiita Bwana Maua.

Ulisema unataka uwanja wako upendeze kabla jumuiya haijaja kusali kwako Krismasi. Basi fuata neno langu. Kata mshazari, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini yote ng'oa, acha matatu juu. Halafu ncha ichovye kwenye asali. Hiyo ni siri yangu, wenzangu wananunua unga wa dukani, mimi nina shemeji mwenye mizinga. Asali inazuia kuoza. Chomeka kwenye mchanga na samadi ya zamani, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini, wiki nne.

Na majani uliyong'oa usitupe. Yaache yanyauke, uwape mbuzi. Mimi sina mbuzi, lakini akili ninayo.

Wako mtaalamu asiye na cheti,
Anuari

*

Ugalla,
4 Novemba 2023

Shemeji Anuari, mume wa mdogo wangu na mzigo wake,

Barua yako nimeisoma uwanjani kwa sauti. Siku hizi Cyriaque akipiga honi tu watu wanakuja na vigoda vyao, wanajua kuna vituko vya Anuari. Josephat, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amecheka hapo pa buti mpaka akapaliwa. Kasema ukija atakuvua viatu getini.

Vijiti nimevichomeka vyote. Nimekata kama ulivyosema, nimechovya kama ulivyosema. Asali niliyochovyea sikuitupa, sisi kwetu asali haimwagwi. Nimechuja vipande vya maganda, nimeigawa kwenye makopo mawili. Moja liko kabatini kwa ajili ya vijiti vingine, jingine nimempelekea jirani yangu Bibi Restituta, yule mjane niliyekwambia ananisaidia kulea. Yeye mwenyewe tamu hali, meno yamemchosha, lakini hupenda kuwa na kitu cha kuwalambisha wajukuu wa watu. Mjukuu wangu Nyanzala, huyu wa miaka minne, anashinda kwake kutwa.

Jambo moja limenikosesha raha. Mbuzi wangu wawili wamekufa siku moja. Asubuhi walikula vizuri tu, nikawapa na yale majani. Mchana wakawa wanatokwa na mate na kukanyaga kama walevi. Jioni nimebaki na yule mweupe wa maziwa tu, aliyekuwa malishoni. Nyoka hatukuona, alama ya jino hatukuona. Watu wamekuja kunipa pole na kila mmoja ana lake la kunong'ona.

Wewe uliyelala nchi nne, umewahi kuona hivyo?

Msalimie Matilda. Mwambie kamba ya nguo aifunge shingoni mwako.

Skolastika

*

Mpanda,
11 Novemba 2023

Shemeji,

Pole kwa mbuzi. Nimesikitika kweli, maana mmoja wao nilikuwa nimeshampanga kwenye sahani yangu ya Krismasi.

Unaniuliza kama nimewahi kuona. Nimeona ng'ombe Zambia amekufa kwa kusikiliza hotuba. Nimeona kuku Kongo amekufa kwa mapenzi. Kwa hiyo mbuzi wawili wa Ugalla hawanishtui. Lakini kama mnataka mchawi, basi mchawi mnaye hapo hapo ukutani, huyo Bibi Restituta! Bibi asiyekula asali, ana macho mekundu, anapenda watoto wa watu, mnataka ushahidi gani tena? Mwambieni kama ana nafasi aniroge na mimi kidogo, nipungue tumbo, Matilda anasema nikigeuka kitandani yeye anaanguka.

Mimi biashara inapaa. Nimeuza miche hamsini na miwili mwezi huu. Walimu wa chekechea wamenunua kumi na miwili, wamezungushia bembea za watoto. Nilipanda kwa mikono yangu, huku watoto wananiimbia. Shemeji, nilitaka kulia, nikajifanya vumbi limeniingia.

Kata vingine, usiogope. Ukishakuwa na mama mmoja wa ua hili, utapata wajukuu mpaka uwakimbie.

Wako,
Anuari, Bwana Maua

*

Ugalla,
25 Novemba 2023

Shemeji,

Vijiti kumi na saba kati ya ishirini vimeshika. Nimevuta kimoja taratibu, kimenikatalia, mizizi ipo. Nimepunguza vichipukizi, nikapata vijiti vingine kumi na vinne, nimevichovya kwenye asali ile ile. Yaani ua ni zuri, sina la kusema.

La kusema liko kwingine. Barua yako ya mwisho niliisoma kama kawaida. Nilipofika pa Bibi Restituta watu walicheka sana, na yeye mwenyewe alikuwepo, akacheka na jino lake moja, akasema, "Huyu mkwe wenu ana adabu kweli?" Tukaishia hapo.

Wiki iliyofuata mbuzi wa Josephat akaingia uwanjani kwangu, akala majani niliyokuwa nimeyakusanya, akafia njiani kurudi kwao. Basi hakuna aliyecheka tena. Josephat akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji yako wa mjini ndiye aliyesema macho mekundu, au nilisikia vibaya?" Nikamwambia Anuari anatania, Anuari kwa kutania hajambo. Akasema, "Mtu aliyetembea nchi nne hawezi kutaja kitu bure."

Sasa neno lako linatembea kijijini bila wewe. Watoto wameacha kwenda kwa Bibi, isipokuwa Nyanzala wangu ambaye hajui kukatazwa. Kisimani wanampisha apite peke yake. Wanazungumza kuwaita lambalamba, hao wanaozunguka vijijini kusaka wachawi, wananyoa watu na kuwachanja chale. Unakumbuka walipopita kule ng'ambo ya mto mwaka juzi. Yule mzee wa watu waliyemchanja hakufika hata mwezi.

Naomba uandike neno la kumsafisha Bibi. Neno la mtu mzima.

Skolastika

*

Mpanda,
2 Desemba 2023

Shemeji yangu,

Natumaini mko wazima wote. Hapa mvua, barabara ni uji.

Kuhusu Bibi nilikuwa natania, waambie hivyo. Mimi hata mvua nikiiona naitania. Waambie Anuari amesema Bibi hana neno.

Jambo jingine dogo tu. Yale majani usiwape tena mbuzi. Siyo kwamba yana kitu, hapana, ila ua lenyewe ni la thamani, halipendi kufanywa chakula. Na ile asali ya kuchovyea, ya kabatini na ya kwa Bibi, imwage tu. Nimeambiwa asali ikikaa na vijiti inachacha, itawapa watu gesi tumboni, mkashindwa kusali Krismasi kwa milio. Nawe ukishakata vijiti nawa mikono. Usafi, shemeji! Mimi siku hizi nanawa mpaka kiwiko, Matilda ananiuliza kama nataka kuwa daktari.

Miche mingine usikate kwanza. Itulie.

Sina habari nyingi. Biashara iko hivyo hivyo.

Anuari

*

Ugalla,
9 Desemba 2023

Anuari,

Barua yako ililetwa Jumatatu. Tuliisoma, tukacheka kidogo kuliko zamani. Hapo pa asali kuchacha mjomba wangu, aliyerina mizinga miaka arobaini, alisema, "Mjini wameanza kutufundisha na asali." Sikuimwaga. Nisamehe, niliona ni vituko vyako vile vile. Uliposema Bibi hana neno, Josephat alisema, "Ona, ameshaogopa. Ametishwa huko huko aliko."

Jumatano Nyanzala aliamka na kikohozi. Akaenda kwa Bibi kama kawaida yake. Bibi akamlambisha asali ya lile kopo, kijiko kimoja, halafu mtoto akalilia, akampa kopo zima akwangue. Nilikuwa shambani. Niliitwa nikamkuta anatapika, macho yamemtoka, mikono baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Zahanati nesi alimshika kifua akasema moyo unapiga, unasita, unapiga tena. Hajui ni nini. Bado yuko huko na mama yake.

Anuari, mtoto wangu amekula mkononi mwa yule mama akaanguka. Mimi ndiye niliyekuwa namtetea. Nilirudi kutoka zahanati, nikapita mlangoni kwake, akaniuliza, "Mtoto anaendeleaje, mwanangu?" Nikapita moja kwa moja. Nilipofika kwangu Josephat alikuwa ananingoja. Aliniuliza kama nakubali lambalamba waitwe. Nikasema ndiyo.

Wanafika Alhamisi, tarehe 14. Wamemfungia Bibi ndani mwake, vijana wanalinda mlango. Wewe uliona kabla yetu sote. Mungu anisamehe nilivyokukatalia.

Skolastika

*

Mpanda,
Jumanne, 12 Desemba 2023

Skolastika,

Barua hii anakuletea Cyriaque kwa pikipiki. Gari haliwezi kupita. Nimemwambia asilale njiani. Simu ya Josephat nimepiga tangu jana, haipatikani.

Ua lile ni sumu. Majani, maganda, maua, mizizi, mpaka maji lilimowekwa. Majani yakinyauka mbuzi hawausikii uchungu wake, wanakula. Mbuzi wenu wamekufa kwa hayo. Nyanzala ameumwa kwa utomvu uliobaki kwenye asali. Vijiti vyote ishirini vimekamuliwa humo. Bibi Restituta hajafanya kitu chochote isipokuwa kumpa mtoto asali uliyompa wewe, niliyokufundisha mimi.

Mwambie nesi leo leo kwamba mtoto amekula utomvu wa mmea wa sumu unaosumbua moyo. Kama hajapata nafuu wamlete hospitali hapa mjini, Matilda atawapokea.

Sasa sikiliza lililobaki. Mimi nilijua tangu Jumanne ya tarehe 28 Novemba, saa nne asubuhi. Ndama wa mwenye guest house alikufa. Akaja afisa mifugo, jina lake Richard, akaokota tawi akaniuliza nani kapanda hili. Nikasema sijui. Nilikuwa nimevaa fulana iliyoandikwa Bwana Maua. Akanieleza yote, mimi naitikia kama mtu anayesikia habari za jirani. Barua ya tarehe 2 niliiandika nikiwa najua. Niliogopa kuchekwa. Mtu mzima wa miaka hamsini na nane, niliogopa watu watasema Anuari hajui hata anachouza. Nikaona nikikwambia umwage, utamwaga, na mimi nitabaki na jina langu. Ile wiki moja niliyoificha ndiyo iliyomwingia Nyanzala tumboni. Jana nilipomsomea Matilda barua yako hakunigombeza. Aliondoka chumbani.

Na hayo macho mekundu, sijawahi kumwona huyo mama hata siku moja. Nilitunga. Nilitafuta kitu cha kuchekesha, nikakiokota hicho.

Isome hii mbele ya watu wote, mbele ya Josephat na mbele ya hao lambalamba. Hakuna mahali pa kucheka humu.

Siji leo kwa sababu nang'oa. Nimeanzia chekechea, kumi na miwili yote nimeitoa leo asubuhi, watoto wananiuliza mbona unatuchukulia maua yetu. Zimebaki nyumba thelathini na moja, na kila nyumba nagonga, nasema mimi ndiye niliyewauzia. Nikimaliza nakuja kwa miguu ikibidi. Bibi nitampigia magoti.

Anuari

*

Ugalla,
Alhamisi, 14 Desemba 2023

Anuari,

Naandika nikiwa uwanjani, kwenye karatasi za kaunta buku la jumuiya. Nimeona niandike kila kinachotokea, ili kesho mtu asije akasema hakikuwa hivyo.

Saa tatu asubuhi. Cyriaque alifika baada ya siku mbili njiani, akiwa tope mpaka kwenye nyusi. Lambalamba walikuwa wameshaanza, watatu, na wembe wao na dawa yao kwenye chupa. Bibi Restituta amekaa kwenye kigoda katikati ya watu. Upande mmoja wa kichwa wameshaunyoa. Nikasema subirini, kuna barua ya Anuari. Walipolisikia jina lako watu wakaanza kutabasamu, Anuari. Nikasoma. Nilipofika pa sumu wakacheka. Uliposema hakuna mahali pa kucheka, ndipo walipocheka zaidi, mmoja akasema, "Huyu leo kajitahidi." Nilisoma mpaka mwisho peke yangu, wao wanafuta machozi. Mkubwa wa lambalamba akasema mchawi akibanwa hujipatia wakili mjini, akachukua tena wembe.

Saa nne. Mimi nilikuwa nimeshaamini, maana nilisikia huko mwisho sauti nisiyoijua. Nikamleta yule mbuzi wangu mweupe wa maziwa, unamjua, ndiye anayemnywesha Nyanzala. Nikachukua majani yaliyonyauka chini ya vijiti, nikayachanganya na pumba, nikamwekea mbele ya wote. Nikawaambia, "Bibi amekaa hapo, mnamwona, hajamgusa. Kama mbuzi huyu atafika jioni anacheua, endeleeni na wembe wenu, na mimi mninyoe." Lambalamba hawakutaka. Josephat akasema, "Mbuzi ni wake. Tungoje." Nafikiri alikuwa anamkumbuka wa kwake.

Mbuzi amekula yote. Amelamba sahani.

Saa sita. Hakuna kitu. Amesimama, anatikisa mkia. Watu wanaanza kuchoka na jua, wengine wananitazama kwa huruma kama wanavyomtazama kichaa. Nasali, Anuari. Sijawahi kusali hivi, kumwomba Mungu mnyama wangu aumwe.

Saa saba na nusu. Mate. Yanadondoka mfululizo. Ametingisha kichwa, akapiga hatua mbili za pembeni, miguu ya mbele ikajikunja. Watu wamenyanyuka vigodani. Analia kama mtoto, na Bibi naye akaanza kulia. Kasema, "Mpeni maji basi, mbuzi wa watu kakosa nini?" Hilo ndilo neno lake la kwanza leo.

Saa tisa. Amekufa.

Josephat alivua kofia, akaenda kwenye miche yangu, akaing'oa mmoja mmoja kwa jembe bila kuniuliza. Lambalamba walikuwa wakifunga mkoba wao, hatukuona wameondoka saa ngapi. Mama mmoja alianza kusema samahani, akashindwa kumaliza, akachukua kigoda chake. Wote wameondoka hivyo, mmoja mmoja, wanatazama chini.

Nyanzala jana aliomba uji. Nesi nimemtumia ujumbe wa ile sumu.

Nilimwambia Bibi nimpeleke nyumbani. Amekataa. Anasema hawezi kupita kijijini kichwa nusu, watoto wataogopa, nimmalizie. Lambalamba waliacha wembe wao chini, ila huo sikuugusa, nimeingia ndani nikachukua wa kwangu, nikachemsha maji. Sasa naweka kalamu chini. Nimeshamlowanisha nywele, wembe uko tayari, naye ameinamisha kichwa ananiambia, "Taratibu, mwanangu. Usinikate."

Skolastika